Buibui mkubwa wa kubuni katika Ziwa Tanganyika: apumueje, ale nini, afe kwa nini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninachora hadithi ya vibonzo inayotokea Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nimebuni kiumbe anayeitwa Mtandaziwa: buibui mkubwa kama mbuzi, anayeishi kilindini mita elfu moja kwenda chini. Usiku hupanda akatembea juu ya maji, huwameza wavuvi, na wengine huwafungia wakiwa hai ndani ya nyumba yake ya hewa. Rafiki yangu anayesoma biolojia ameicheka. Nitamfanyaje aaminike bila kumpotezea utisho wake?

Jibu: Marahaba. Rafiki yako ana haki ya kucheka, ila si kwa sababu hakuna buibui wa majini. Yupo. Anaitwa *Argyroneta aquatica*, aliandikwa kisayansi na Clerck wa Sweden mwaka 1757, na anaishi katika madimbwi, mifereji na maziwa tulivu ya Ulaya na Asia ya kaskazini. Ndiye buibui pekee anayejulikana kupitisha karibu maisha yake yote chini ya maji: humo huwinda, hula, hujamiiana, hutaga na hulala. Mwili wake ni wa sentimita moja hivi.

Kosa lako ni kumpa maji bure. Buibui yeyote ni mnyama wa nchi kavu. Hana mashavu kama ya samaki. Ana mapafu yaliyopangwa kama kurasa za kitabu na mirija ya hewa, vyote vikiwa tumboni, na maji yakiingia humo amekwisha. Kwa hiyo Mtandaziwa hatawali ziwa. Anaishi ugenini kwa akiba ya hewa, kama mtu aliyejenga kisiwani pasipo maji ya kunywa, kila siku anahesabu madumu. Amua kwanza hewa yake inatoka wapi na inakwisha lini. Ukishaamua hilo, mengine mengi yatajipanga.

Tuanze na kilindi, kwa sababu hapo ndipo hadithi yako inapovunjika mapema. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi pale penye kina kirefu zaidi, lakini oksijeni yake iko tabaka la juu tu: takriban mita 100 za kwanza upande wa kaskazini, na hadi kama 200 kusini. Chini ya hapo maji hayana oksijeni, na yana gesi ya salfa ile yenye harufu ya yai viza. Samaki hawaishi huko, seuze mvuta hewa. Halafu kuna shinikizo. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, na hewa husinyaa kulingana nalo. Kwenye mita 1,000, lita 100 za hewa ya juu hubaki lita moja tu. Nyumba ya lita 100 kule chini ingemgharimu lita 10,000 za kubeba kutoka juu. Hakuna mnyama wa kuifanya kazi hiyo.

Mweke kwenye mita 3 hadi 8. Pwani nyingi za Tanganyika ni za miamba, maji ni maangavu, na mapango ya mawe yapo tele. Usimweke ndani ya mafunjo ya delta ya Malagarasi, ingawa kwa picha panavutia: maji yaliyotulia katikati ya mafunjo huwa na oksijeni kidogo mno, na utaona hivi punde kwa nini hilo ni hasara kwake.

Sasa nyumba yenyewe. *Argyroneta* hufuma shuka la uzi kati ya mimea ya majini, na nafasi kati ya nyuzi huzibwa na ute wa protini. Kisha hupanda juu, huinua tumbo nje ya maji na kulirudisha kwa ghafla, akashuka na kipovu kilichonaswa na nywele zake. Hukiachia chini ya shuka, shuka likavimba kidogo kidogo mpaka likawa kuba lililo wazi upande wa chini. Chini ya maji kipovu kile hung'aa kama fedha, na ndiyo asili ya jina la Kigiriki: uzi wa fedha. Ukipaka rangi, usimpake weusi mtupu. Akiwa nje ya maji ni kahawia asiye na mvuto. Akizama, tumbo hugeuka kioo.

Kuba hilo si ghala tu, nalo hupumua. Buibui akitumia oksijeni ya ndani, oksijeni iliyoyeyuka katika maji huingia kujaza pengo. Hewa ya ukaa haimsumbui, kwani huyeyuka majini kwa urahisi mkubwa na kutoweka. Kinachomponza ni naitrojeni. Oksijeni ya ndani ikipungua, naitrojeni huwa nyingi kuliko inavyolingana na maji ya nje, basi hutoka polepole, na kuba husinyaa. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 na Seymour na Hetz vilionyesha kwamba buibui aliyetulia katika maji mazuri anaweza kukaa zaidi ya siku nzima bila kwenda juu. Akiwa na pilikapilika, au maji yakiwa na joto na oksijeni haba, safari huongezeka. Kila safari ni hatari, maana ndipo samaki na vyura humwona.

Je, ukimkuza hadi ukubwa wa mbuzi? Urefu ukipanda mara 100, eneo la ngozi ya kuba hupanda mara 10,000, lakini uzito hupanda mara milioni. Mahitaji ya oksijeni hayapandi sawa na uzito; kwa wanyama wengi hupanda taratibu zaidi, hapa kama mara 32,000. Kwa hiyo kila kipande cha kuba kinatakiwa kufanya kazi mara tatu ya ile ya buibui mdogo. Hali ni ngumu, lakini mwandishi anaweza kuishi nayo.

Nimekupigia hesabu ya makadirio, ukitaka uibandike ukutani. Mpe Mtandaziwa kilo 25. Mnyama wa damu baridi wa uzito huo, katika maji ya nyuzijoto 25, akiwa ametulia hutumia kama nusu lita ya oksijeni kwa saa. Mjengee kuba la lita 100 kwenye mita 5. Kwa kuwa shinikizo hapo ni mara moja na nusu, zile ni sawa na lita 150 za hewa ya juu, zenye oksijeni lita 31 hivi. Akiweza kutumia nusu yake kabla hajaanza kudhoofika, ana kama saa 30 bila msaada wowote wa maji. Msaada wa maji unategemea mwendo wake. Katika maji yaliyolala, ngozi ya kuba la ukubwa huo itamwingizia labda sehemu moja ya kumi ya mahitaji. Mawimbi madogo yakiisugua muda wote, inaweza kukaribia nusu. Ndiyo maana nilikukataza mafunjo. Mahali pake ni nyuma ya mwamba unaovunja dhoruba lakini unaopitisha mkondo.

Kujaza kuba ni kazi ya usiku mzima. Mwili wa ukubwa huo unaweza kuvaa tabaka la hewa la milimita 5 katika eneo la kama mita moja ya mraba, yaani lita 5 kwa safari. Zikifika mita 5 zimekuwa lita 3.3. Safari 30, basi. Na hapa nywele zake zinahitaji uangalifu wako: kipovu kikubwa hakishikwi na nywele chache ndefu kama unavyoona kwenye picha za kutisha. Lazima ziwe manyoya mafupi, mengi mno, yanayokataa maji, nafasi kati ya unywele na unywele ikiwa chini ya milimita 0.05. Zikichafuliwa na mafuta, hewa hutoroka. Dizeli iliyomwagika kutoka kwenye boti humwua Mtandaziwa kwa uhakika kuliko mkuki, na huhitaji shujaa wa aina yoyote kuieleza.

Lita 5 za hewa zinamwinua kwa nguvu ya kilo 5. Hawezi kushuka kwa kupiga mbizi tu. Anatambaa kichwa chini kwa kamba ya uzi aliyoifunga kutoka juu hadi kubani. Kata kamba hiyo, na safari yake inakuwa ya kuhangaika na kuelea ovyo. Vilevile kuba la lita 100 linavuta kwenda juu kwa uzito wa kilo 100. Nguvu ya uzi si tatizo: uzi mzuri wa buibui wenye unene wa milimita moja ungebeba kilo 80 hivi ukiwa mkavu. Tatizo ni kwamba nyuzi za buibui wengi wa nchi kavu zikilowa husinyaa na kulegea. Hesabu nusu ya nguvu, kisha mpe nanga nane hadi kumi na mbili kwenye mawe tofauti. Kuba la nanga mbili linapendeza kwenye karatasi, ila upepo wa kusi wa kati ya Mei na Septemba utaling'oa siku ya kwanza.

Kutembea juu ya maji, futa. Wapo buibui wanaoweza, hata kwetu: wale wa jenasi *Nilus*, wanaokaa kando ya vijito na mabwawa miguu ya mbele ikiwa imelazwa juu ya maji, wakisikiliza mtikisiko wa mdudu aliyeanguka au samaki mdogo. Lakini wanabebwa na ule utando mwembamba wa uso wa maji, ambao nguvu yake hufuata urefu wa mguu uliolazwa, si unene wa mnyama. Buibui wa gramu moja anahitaji kulaza kama sentimita 7 za mguu kwa jumla. Huyo wako wa kilo 25 angehitaji mita 1,700. Akikanyaga, anazama kama jiwe. Unachoweza kumpa badala yake ni jambo la kutisha zaidi: ncha nne za miguu zinazotokeza juu ya maji meusi, zimetulia, hazisogei. Anasikiliza mtumbwi.

(Kwa faida ya wasomaji wa pwani: jamaa mwingine, *Desis crosslandi*, aliandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na vielelezo vya Zanzibar. Buibui wa jenasi hii huwinda kwenye miamba na matumbawe maji yakipwa. Yakijaa hujifungia ndani ya tundu lililozibwa kwa uzi, na hewa yake humo, hadi maji yapwe tena. Huhitaji kumkuza ndipo avutie.)

Chakula. Buibui hamezi kitu. Hana meno ya kutafuna. Anachoma sumu, anatapika vimeng'enya juu ya windo, kisha anafyonza mchuzi. Kazi hiyo ikifanyika majini, vimeng'enya vinachujuka na mchuzi unakwenda na mkondo. Kwa hiyo windo lazima liletwe ndani ya kuba, mezani pakavu. Sheria hii moja inakupa ukubwa wa windo: chochote kisichopita mlangoni hakiliwi. Mvuvi mzima wa kilo 60 pamoja na Mtandaziwa mwenyewe ndani ya lita 100 hawaenei. Wangeifukuza karibu hewa yote.

Wala hamhitaji. Kwa matumizi ya oksijeni niliyotaja, kiumbe aliyetulia anatosheka na gramu 100 za samaki kwa siku, na mwenye pilikapilika labda robo kilo. Mtu mmoja ni posho ya miezi minane, itakayooza siku ya pili na kumchafulia hewa. Mpe kaa wa miambani, ambao Tanganyika ina jamii zake za peke yake, mpe kambare na samaki wadogo wa mawe. Dagaa na migebuka ni samaki wa maji wazi, mbali na nanga zake, kwa hiyo hatawafuata; atakula walioletwa karibu na upepo au taa.

Huwinda usiku, zaidi kwa kungoja. Anakaa ndani ya kuba, miguu ya mbele ikiwa nje imegusa nyuzi zilizotandazwa mawe kwa mawe. Nyuzi hizo si wavu wa kunasa. Utando wa mduara kama wa dari, ukiuweka ziwani, unajaa uchafu na mwani ndani ya siku mbili na kuvutwa na kila mkondo. Hizi ni nyuzi chache, zimekazwa, kazi yake kupeleka habari. Akisikia mguso, anatoka, anashika, anachoma, anarudi. Hafukuzi mbali. Mita tano au sita akikosa, ameacha, kwa kuwa kila mtupo wa miguu unakula akiba ya kuba.

Basi mbona agombane na wavuvi? Sababu unayo tayari. Jarife likiburutwa juu ya mawe linang'oa nanga. Kuba la lita 100 linafumuka juu kwa kishindo, na usiku mzima wa kazi, pengine na mayai, unapotea mara moja. Hapo anapanda kamba ya wavu, na anayekutana naye ni mtu aliyeshika ncha ya pili. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwani taa hazivuti samaki vizuri. Akiwa na akili ya kuhesabu siku, huo ndio wakati wake wa kujenga. Ni kalenda nzuri ya kupangia matukio yako.

Kuhusu jinsia, sahau ile picha ya jike kubwa linalomla dume dogo. Kwa *Argyroneta* dume ndiye mkubwa. Jike anakaa kubani, anafuma, anatunza mayai. Dume anazurura kutafuta majike, na mwili mkubwa wenye miguu mirefu ya mbele humsaidia kuogelea. Akimpata, hujenga kuba dogo karibu na la jike na kuliunganisha kwa njia ya uzi. Na imeonekana kwamba wakati mwingine dume ndiye humla jike. Kwa hadithi yako maana yake ni hii: Mtandaziwa anayeonwa na watu karibu mara zote ni dume. Kijiji kikimwua na kushangilia, jike na mayai yake wako palepale chini ya mwamba.

Mayai, makumi kadhaa ndani ya kifuko cha uzi, huwekwa sehemu ya juu ya kuba, penye ukavu. Watoto hukaa kwa mama kwa muda, kisha hutoka. Wale wa *Argyroneta* hutumia hata makombe matupu ya konokono, wakiyajaza hewa. Wa kwako, kwa ukubwa wao, watafaa chupa za plastiki na madumu yaliyozama, na ziwa lolote lenye mji kando halikosi hayo. Maadui wa watoto ni wengi: samaki aitwaye kuhe, fisi maji, na yule swila wa majini wa Tanganyika anayekula samaki, ambaye ataingiza kichwa mlangoni bila kubisha hodi. Mkubwa anamwogopa mamba.

Kujivua gamba (siongelei siasa) ndiyo saa yake mbaya kuliko zote. Gamba halikui, basi hulipasua na kutoka akiwa laini kama mkate uliolowa. Buibui hunyosha miguu kwa shinikizo la maji ya mwili, si kwa misuli pekee. Viungo vyake vikubwa viwili vya kila mguu havina msuli wa kunyosha. Akiwa laini, shinikizo likipanda vibaya anapasuka, lisipopanda hasimami. Nchi kavu mwili wa kilo 25 ungejiponda kwa uzito wake kabla gamba jipya halijakauka. Majini anabebwa, na hii ndiyo sababu bora uliyo nayo ya kumfanya mkubwa. Historia inakuunga mkono: *Jaekelopterus*, jamaa wa mbali wa buibui aliyeishi majini zama za Devoni, mamilioni ya miaka iliyopita, alifika mita 2.5 hivi kwa kukadiria kutokana na koleo lake la sentimita 46 lililofukuliwa Ujerumani. Yule alikuwa na mashavu ya kupumulia. Ukimpa Mtandaziwa mashavu, matatizo yote ya hewa yanaisha, na hadithi inaisha nayo.

Kwa siku mbili au tatu za kujivua, asitoke, asile, ajifungie. Damu ya buluu inayoonekana miguuni kupitia gamba jipya, ichore. Damu yake hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, na ikikutana na oksijeni huwa na rangi ya buluu.

Mwisho, mateka. Mtu aliyetulia hutumia oksijeni lita 15 hivi kwa saa, mara 30 ya mwenye nyumba. Kubani kwa Mtandaziwa hewa ya ukaa anayotoa mtu itamzidi kabla oksijeni haijaisha. Mpe dakika 15 hadi 20 za kichwa kuuma, kuhema na kuchanganyikiwa. Kumhifadhi hai kwa siku tatu hakuwezekani. Lakini dakika hizo zinatosha: mzamiaji aliyenaswa anaweza kuingiza kichwa kubani, kupumua, na kufikiri. Akiamua kupanda, asizuie pumzi. Hewa aliyovuta kwenye mita 5 itatanuka mara moja na nusu akifika juu, na mapafu yaliyofungwa hupasuka hata kwa kina kidogo kama hicho. Mchore akipanda mdomo wazi, mapovu yakitoka muda wote, na nyuma yake kuba lililopungua likianza kukunjamana.